Beberu wa Susu na Gitaa ya Kyuso

Tangu shule zifunguliwe nimesimulia hii safari bwenini, kwenye foleni ya githeri, hata nyuma ya maabara, na kila mara kuna mtu anafika ikiisha anasema, "Hebu rudia, sikusikia ile ya mbuzi." Sirudii tena. Nimeandika. Someni, mpitishiane, na asiyejua kusoma amwombe prefekti, ingawa wengine wao pia sina uhakika nao.

Susu ni nyanya yangu, mama ya baba. Pale kwetu Kalamba alikuwa na beberu mmoja mweupe mwenye ndevu za heshima, ambaye sisi tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alipenda kutangulia mbele, kelele nyingi, na kula visivyo vyake. Mama yake aliumwa na nyoka akafa, Susu akamlea jikoni kwa chupa ya maziwa. Alilala mlangoni kwa Susu. Mimi ni mjukuu wa damu na sijawahi kuruhusiwa kulala hapo.

Mimi nilitaka gitaa ya stima. Mzee Nzuki wa Kyuso alikuwa nayo, ya zamani, na ukame ulimwachia mbuzi wa kike tupu, kwa hivyo alitaka beberu mzuri wa mbegu. Jinsi tulivyompata mpaka tukaelewana ni habari za simu na za baba, naziruka. Mjue tu kwamba Susu alikubali, na akaweka sharti moja.

"Utaipigia hapo hapo kwake," alisema. "Wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Ukikwama, mimi narudi na mbuzi wangu, na wewe utarudi na mikono yako."

Mimi nilikuwa nimejifunzia gitaa ya mbao ya rafiki yangu Mutua, kabla aende nayo chuoni. Nilikuwa na kodi mbili. Si zile za serikali, za gitaa, yaani mishiko ya vidole kwenye nyuzi. Ya tatu nilikuwa naijua siku zingine.

KALAMBA HADI EMALI

Tulipanda pikipiki mbili. Susu mbele na Mheshimiwa, ambaye alifungwa ndani ya gunia kichwa kikabaki nje, akiangalia barabara kama anakagua miradi. Mimi nyuma na kiondo cha Susu, chupa ya chai, na ndoo ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda na kupikwa na maharagwe, kwa sababu Susu haamini kwamba Kitui kuna chakula.

Nilikuwa nimevaa shati la kanisani na nimechana nywele. Susu alivaa kitambaa chake kizuri. Hapo ndipo tulikosea. Kwetu, ukiona mzee amevaa vizuri, kijana amejipaka mafuta mpaka shingoni, na mbuzi yuko katikati yao, hiyo ni ntheo. Ni mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana kusema tumempenda, msimpe mtu mwingine. Nao huwa watatu.

Mwenye pikipiki yangu alivumilia mpaka Emali. Aliposimama tu, akaniangalia kutoka viatu hadi kichwa.

"Buda, hongera. Lakini mbona mbuzi ni mmoja?"

"Si ntheo," nikasema.

"Ama unalipa pole pole, kama watu wanavyolipia sola?"

Susu alisikia. "Huyu aoe?" akasema. "Huyu bado kitanda anatandikiwa. Nani atampa msichana? Nimlipe mimi ndio ampokee!"

Wote pale stejini walicheka, na Mheshimiwa akaongeza sauti yake.

EMALI HADI IKUTHA

Kutoka Emali tulibebwa na Salim. Salim ni mnunuzi wa ndengu, zile choroko zetu. Babu yake alitoka Pwani akafungua duka Mwingi, akakaa, na Salim sasa anaongea Kikamba kizuri kunishinda, halafu akigeukia Kiswahili unajiona kama ulikuwa unakitafuna bila kumenya. Alikuwa ameshusha ndengu Emali na anarudi Kyuso na kanta yake, lori dogo, ikiwa tupu. Juu ya kanta kuna vipaza sauti viwili vikubwa kama masufuria ya harusi. Akiingia kijijini anatangaza kwa maikrofoni kwamba mnunuzi amefika, na watu wanatoka na magunia.

Susu aliwekwa mbele. Mimi na Mheshimiwa tuliwekwa nyuma kwenye magunia matupu. Tukapita Kibwezi, tukaacha barabara ya Mombasa, tukavuka mto Athi. Upepo ulinipiga mpaka nywele zangu za ntheo zikasimama.

Ikutha ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Salim alikuwa na magunia ya kumwachia mtu wake, akasema ni dakika tano tu. Dakika tano za mfanyabiashara mnazijua. Mimi nilimfunga Mheshimiwa kwenye nguzo ya kanta kwa fundo nililofunzwa na skauti, nikaenda kutafuta mandazi.

Sitasema mengi kuhusu skauti. Niliporudi na mandazi mdomoni, kamba haikuweko na mbuzi hakuweko. Mbele yangu kulikuwa na mbuzi mia na kitu, wengi weupe, wengi wenye ndevu.

Nilitembea katikati yao nikiinamia kila uso. Mzee mmoja akaniuliza, "Unanunua ama unasalimia?" Nikajua gitaa imeenda. Na kabla ya gitaa, mimi mwenyewe nimeenda, kwa sababu ilibidi nimwambie Susu.

Hakunipiga. Hakunitukana. Alisema tu, "Fungua mlango," akashuka, akaangalia ule mnada wote, na sauti yake ikatoka ndogo. "Ataniitikia. Lakini hawezi kunisikia."

Salim akanyoosha mkono ndani ya gari akamletea maikrofoni.

"Mheshimiwa!" Susu aliita, na Ikutha yote ikanyamaza. "Mheshimiwa! Njoo nyumbani!"

Mwanamume mmoja akajibu kutoka kwenye kibanda cha nyama, "Mama, hata sisi tunamtafuta tangu tumpigie kura!"

Mnada ulianguka kwa kicheko. Lakini Susu hakucheka, akaita tena, polepole, vile anamwita jioni. Na kutoka kule mwisho, mikononi mwa mtu aliyekuwa tayari anamfungua mdomo ahesabu meno, Mheshimiwa akajibu kwa sauti ya kupasua kengele. Alimburuta yule mtu karibu nusu ya uwanja. Alifika akasukuma kichwa kwenye sketi ya Susu, na Susu akamshika masikio yote mawili, akamwambia kitu ambacho mimi sijawahi kuambiwa na sikukisikia.

Fundo la pili alifunga yeye.

IKUTHA HADI MWINGI

Mutomo tulinunua maji. Kitui mjini tulikaa sana kwa sababu Salim alikutana na mtu anayemjua, halafu huyo mtu akakutana na mtu anayemjua. Mama mmoja muuza maembe alichungulia nyuma ya kanta, akaona shati, akaona mbuzi, akanipa embe bure. "Uwe mvumilivu na mke wako," akaniambia. Nilikuwa nimechoka kukataa. Nikasema asante, nitakuwa mvumilivu, nikala embe.

Mwingi tulilala kwa kina Salim. Mama yake ni mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na alikuwa amepika pilau. Susu, mnavyomjua, huwezi kumlisha kabla hajaomba, na hawezi kuomba kwa kifupi. Alianza na watawala, akaja kwa wagonjwa, akapitia wasafiri wa angani na majini. Pilau ikaacha kutoa moshi. Mama Salim aliinamisha kichwa mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Amina, dada. Sasa ngoja niipashe tena."

Ilipoletwa mara ya pili Susu aliona nyama ni ya mbuzi. Aliangalia dirisha, ambako Mheshimiwa alifungwa nje.

"Funga hilo dirisha," akaninong'oneza. "Asisikie harufu."

Halafu akala vizuri sana. Ile ndoo ya muthokoi alimpa Mama Salim, na asubuhi niliwakuta wawili hao wamekaa kwenye mkeka wanabishana ni nani ameharibu vijana, simu ama sisi wenyewe. Walikubaliana ni sisi.

Kabla tuondoke Mama Salim aliuliza Susu, "Na huyo mbuzi, dada, unamwacha kwa moyo mmoja?"

Susu alisema, "Mtoto anataka gitaa." Si jibu la swali, mkiangalia vizuri. Lakini mimi wakati huo niliangalia mahamri.

MWINGI HADI KYUSO

Vumbi. Niandike nini kingine? Nilikula vumbi la Kyuso mpaka nikajua ladha yake, ni kama chaki. Vichaka, punda, mashamba ya ndengu yaliyovunwa, vichaka tena. Mheshimiwa alilala na kichwa kwenye paja langu. Hajawahi kunipenda, nafikiri ni paja tu.

Tulipofika boma la Mzee Nzuki, wanawake watatu walitoka jikoni, wakaniona nikishuka na mbuzi, wakapiga vigelegele. Msichana mmoja wa rika langu alitoa kichwa mlangoni, akaniangalia nilivyo mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu, akasema kwa sauti, "Mimi, hapana!" akarudi ndani.

"Ni wa gitaa!" Mzee Nzuki alipiga kelele akija na fimbo yake. "Ni wa gitaa, nyinyi! Nyamazeni!"

Walinyamaza wakiwa na huzuni kidogo. Hata mimi nilisikia huzuni kidogo.

NYUMBANI KWA MZEE NZUKI

Kwanza tulikula, kwa sababu hakuna biashara inayozungumzwa na tumbo tupu. Chapati na kuku. Baadaye Mzee Nzuki alimzunguka Mheshimiwa, akamshika mgongo, akamwinua kwato, akanyamaza vile wanaume wazee hunyamaza wakipenda kitu na hawataki bei ipande. Kisha akaingia ndani, akatoka na gitaa imefunikwa kwa leso.

Jamani. Nyekundu. Rangi imebanduka pale mkono wa mtu umelala miaka. Kifunguo kimoja cha kukaza nyuzi kilivunjika, na badala yake kuna bolti inayozungushwa kwa plaisi. Mzee alipiga nayo harusini na sokoni ujana wake wote, mpaka vidole vikakataa kukunja. Alinionyesha vile vidole. Vilikuwa kama mizizi ya tangawizi.

"Washa tusikie," Susu akasema.

Hapo kukawa na tatizo. Stima ilikuwa imepotea tangu juzi. Na hata ingekuwako, spika ya mzee iliungua. Gitaa ya stima bila stima, ukiipiga, inalia kama mbu aliyefunikwa na kikombe.

"Basi hakuna mtihani," Susu akasema, akanyoosha mkono kwa kamba ya mbuzi. Haraka sana, mkiniuliza.

"Ngoja, Susu," Salim akasema. Alichomoa waya wa maikrofoni yake, akaangalia ile tundu, akaangalia waya wa gitaa. Waya wa gitaa uliingia kama ulizaliwa huko.

Nilikaza bega, nikagusa uzi mmoja tu. Sauti ilitoka juu ya kanta ikaruka boma, ikaruka kichaka, ikaenda mpaka mlima ikarudi. Kuku walikimbia. Mzee Nzuki alifunga macho. Nilijaribu kile kipande cha densi ninachokijua, cha vidole vya haraka.

"Hiyo ni ya kilabu," Susu akasema. "Piga ya kanisa."

Lakini sasa jambo lilikuwa limeharibika. Watu wa kule wakisikia vile vipaza sauti wanajua kitu kimoja tu: mnunuzi amekuja. Wa kwanza kutokea alikuwa mama mwenye punda na magunia mawili. Nyuma yake wanaume na toroli. Nyuma yao wazee, watoto, mtu amebeba ndengu kwenye beseni juu ya kichwa.

"Leo bei ni gani?" wakauliza.

"Ngojeni," Salim akasema. "Kijana yuko kwa mtihani."

Wakashusha magunia, wakayakalia. Nikawa na hadhira ya ndengu.

Nilianza pambio la kina mama, lile Susu huanzisha kanisani wakati wa sadaka, la kuitikiana. Kodi ya kwanza ilikuja. Ya pili ikaja. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri, na yule mama wa punda akaanza kupiga makofi. Ubeti wa pili unataka ile kodi ya tatu, na siku hiyo haikuwa siku yake. Vipaza sauti vilitoa mlio kama mlango wa choo cha bweni letu. Watu wakacheka. Lakini sharti lilikuwa nisisimame, halikusema nisikosee, kwa hivyo niliendelea na mbili zangu.

"Endelea, mwanangu!" mama wa punda akaita, akaanza kuimba, na wengine wakaitikia.

Ndipo nikamwangalia Susu nione kama anaimba. Haimbi. Hakuwa hata ananiangalia. Alikuwa amemshika Mheshimiwa sikio moja, anasugua taratibu kwa kidole gumba, na midomo yake imefungwa vile anaifunga akingoja daktari aongee. Ndipo nikaelewa, polepole, maana akili yangu pia inapita barabara ya vumbi. Susu alitaka nikwame. Aliweka lile sharti akitumaini nitakwama. Hangeweza kuninyima, kwa hivyo aliviachia vidole vyangu vininyime badala yake.

Ilikuwa rahisi. Kusimama tu. Kukosea najua, mwalimu wa hesabu ni shahidi. Mkono wangu ukaanza kupunguza. Nikasema moyoni, acha mzee huyu atafute beberu Ikutha, wako wengi.

Susu akainua kichwa. Amenisikiliza nikidanganya tangu nianze kuongea, anajua mlio wake.

"Wewe!" akapaza sauti juu ya watu wote. "Usiniachie! Nani amekuomba? Piga!"

"Susu..."

"Maliza wimbo wa watu!"

Nikapiga. Nilipiga kwa hasira kidogo na macho yakiwa na kitu, tuseme vumbi. Kodi ya tatu ilikuja yenyewe mara ya mwisho, bila kuitwa, na watu wa ndengu wakaitikia mpaka mwisho, na mwisho ukafika.

Salim akanunua ndengu mpaka kanta ikajaa.

KUTOKA KYUSO

Mnyama hauzwi na kamba yake, hilo mnalijua wote wa nyumbani: unampa mtu ng'ombe, kamba unabaki nayo, ndio usimfuatishe baraka zote za boma. Susu alifungua kamba shingoni mwa Mheshimiwa, akaikunja. Mzee Nzuki naye, bila kutania hata kidogo, akafungua mkanda wa gitaa, ule wa kuvaa begani, akaukunja.

"Mzee, hiyo ni gitaa," nikasema.

"Imenilisha kuliko ng'ombe," akasema. "Kamba yake inabaki hapa."

Kwa hivyo Susu aliifunga gitaa kwa kamba ya mbuzi, kwa fundo lake, akanivisha begani kama begi siku shule inafunguliwa. Inanuka hadi leo. Msiniulize tena kwa nini.

Alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma juu ya magunia ya ndengu, Salim akimsukuma huku na mimi nikimvuta huku, akakaa akiangalia tulikotoka. Mheshimiwa alikuwa amefungwa kwenye mti wa kwa Mzee Nzuki na kamba mpya. Kanta ilipoanguruma ndipo alielewa. Alilia. Si ile ya kuomba chakula. Alilia vile alilia Ikutha alipoitwa, na akangoja aitwe.

Susu alishika gunia kwa mikono miwili.

"Piga kitu," akasema.

"Wimbo gani?"

"Wowote. Weka kwa vile vikubwa. Weka kwa nguvu."

Nilipitisha waya kwenye kidirisha, Salim akachomeka bila kuuliza. Nikapiga lile pambio, kwani nina lingine? Lilijaa barabara yote. Watu wakatoka mashambani wanakimbia na beseni, Salim akitoa mkono nje anawapungia, "Nimejaa, nimejaa!" na Susu akaanza kuimba kwa ile sauti yake ya kanisani, kifua mbele, mpaka boma la Mzee Nzuki likawa halisikiki tena.

Ubeti wa pili alinyamaza katikati. Alifunika uso kwa kitambaa.

Sikusimama. Nilizunguka pale pale, kodi ya kwanza, kodi ya pili, kodi ya kwanza, kodi ya pili, vumbi likituingia, mpaka akarudi kwenye wimbo.